Namba Iliyoandikwa Juu ya Mstari

Kila alasiri, kengele ya shule ikilia, Tesnim hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa mwoka mikate kuchukua mkate wa shayiri uliopakwa mafuta ya zeituni, kisha akaingia kwenye karakana ya shangazi yake Wided, nyuma ya soko la samaki la mji wa Sfax, Tunisia. Kabla ya jambo lolote alinawa mikono. Shangazi hakutaka mafuta yale yaguse kibodi.

Kazi ya Shangazi Wided ilikuwa kuchora majukwaa: ya harusi, ya matamasha ya kiangazi, ya michezo ya kuigiza. Zamani alichora kwa penseli. Siku hizi alitumia programu ya kompyuta, na kila kitu kilianzia humo, mbao, ngazi, taa, hata viti vya watazamaji. Tesnim, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amejifunza kwa kukaa kando yake tangu likizo ya mwaka uliopita. Alijua kuchora mstari wenye urefu kamili. Alijua kunakili tao moja likawa matao kumi. Lakini kilichomfurahisha zaidi ni kupima. Ukigusa ncha hii ya mstari na ncha ile, programu huandika kipimo yenyewe.

Mwaka huo klabu ya maigizo ilikuwa ikitayarisha mchezo wa kufunga masomo. Ungeonyeshwa katika ua wa nyumba ya utamaduni, nyumba ya kale iliyowahi kuwa ya mfanyabiashara wa mafuta, ndani ya kuta za mji. Shangazi alimpa Tesnim jukwaa lote alichore.

"Lote? Mimi?"

"Kwani kuna Tesnim mwingine humu? Ila sikiliza hili kwanza. Chini ya ule ua kuna birika la maji ya mvua. Huwezi kuliona, vigae vimelifunika. Nimeshuka mwenyewe kulipima. Linaanzia ukutani na kwisha kabla kidogo ya mita tatu, na dari yake imechoka. Kwa hiyo kutoka ukutani mpaka mguu wa kwanza wa jukwaa, acha mita tatu kamili. Pungufu ya hapo, hapana."

"Lakini watu wanatembea pale kila siku, Shangazi."

"Mtu anayetembea anapita. Mguu wa jukwaa unasimama. Unabeba mbao, mapambo na watu, na mzigo wote huo unatua mahali penye upana wa kiganja changu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli alielewa. Kwa siku kadhaa alichora kwa bidii. Alianza na ngazi ya mbele, akaiweka kando ya nguzo ya jiwe iliyosimama uani, halafu akajenga jukwaa kurudi nyuma. Juu yake aliweka matao kumi yenye nakshi, kama ya madirisha ya mji wa kale. Kila tao lilishikamana na lenzake bila kuacha hata upenyo.

Siku ya mwisho kabla ya kuchapa, Haykal alipita karakanani. Alisoma darasa moja na Tesnim, na katika mchezo alikuwa sultani.

"Mhandisi mkuu," alisema akiinamia kioo cha kompyuta, "bado unahangaika na matundu yako ya njiwa?"

"Ni matao, Haykal. Njiwa mwenyewe."

"Na kiti changu kiko wapi? Sultani hasimami."

"Sultani anayekosea mistari yake kila siku atakaa chini na watazamaji."

Walicheka. Kisha Tesnim akafanya kazi moja iliyobaki. Aligusa ukuta, akagusa mguu wa nyuma wa jukwaa. Namba ikatokea: 2.80.

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alipima tena. 2.80. Jukwaa lilikuwa limezidi kurudi nyuma kwa sentimita ishirini. Alijaribu kulisukuma lote mbele, lakini ngazi ikaingia ndani ya nguzo ya jiwe. Njia ilikuwa moja tu: kulifupisha jukwaa, na ukilifupisha, matao yote kumi yanavunjika na kuchorwa upya. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuchapa. Angemwambia nini Shangazi, baada ya kujigamba wiki nzima kwamba amemaliza?

"Una nini?" aliuliza Haykal. Alipoelezwa, alipiga mluzi. "Sentimita ishirini tu? Kiatu cha baba yangu ni kirefu kuliko hapo! Si uandike tu tatu? Nani atakwenda kulala chini na rula?"

Programu ile ilimruhusu mchoraji kuibofya namba na kuandika nyingine juu yake. Shangazi alikuwa ameshamkataza jambo hilo, tena mara nyingi. Tesnim aliibofya. Akaandika 3.00. Mstari haukusogea hata kidogo, ila namba ilibadilika, na mchoro ukaonekana safi.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliukagua mchoro uliochapwa, kipimo baada ya kipimo, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kwenye kile cha ukutani alikitia alama ya vema. Akatia sahihi yake pembeni. "Kazi nzuri," alisema, naye hakuwa mtu wa kulitoa neno hilo ovyo.

Kisha akawasha printa kubwa kwa ajili ya Ami Mongi, seremala wa karakana. Ami Mongi hakuweka miguu ya jukwaa kwa kupima. Kila mara alichapiwa ramani ya ukubwa halisi, akaitandika sakafuni kuanzia ukutani, na kila mguu ulipochorwa akatoboa kwa msumari na kutia chaki. Ramani hiyo haikuwa na namba hata moja. Ilikuwa na mistari tu. Tesnim alishika ncha moja ya karatasi, Ami Mongi akashika nyingine, wakaikunja pamoja. Tesnim hakuwaza lolote.

Jumamosi jukwaa lilikuwa limesimama. Watoto wa klabu walijaa uani, wakisukumana ili wajaribu kupanda. Shangazi Wided aliwazuia kwa mkono mmoja. Katika karakana yake ilikuwepo desturi isiyovunjwa: aliyetia sahihi mchoro ndiye anayepanda wa kwanza, tena peke yake.

Alipanda ngazi taratibu. Alitembea mbele, akajaribu ubao huu na ule. Akaenda nyuma, chini ya matao. Kwenye pembe aligonga kwa kisigino mara moja.

Kilisikika kishindo kifupi, kama cha mtungi unaopasuka. Pembe ya jukwaa ilididimia. Mguu wa mbao ulizama sakafuni kana kwamba vigae vilikuwa mkate uliolowana, matao yakalala upande na kukatika moja baada ya jingine, na Shangazi Wided akateleza kwenye mbao zilizoinama mpaka akagonga ukuta. Kipande cha kigae kilitumbukia kwenye shimo jeusi. Kisha, kutoka chini kabisa, wakasikia maji.

Watoto walisimama midomo wazi. Tesnim alianza kukimbia kwa shangazi yake.

"Msisogee!" Shangazi alisema akiwa chini. Uso wake ulikuwa mweupe, na mkono wake wa kulia ulikaa vibaya. "Mtu yeyote asisogee karibu na hilo shimo."

Ami Mongi alizunguka kwa upande wa mlango, akamnyanyua, akamtoa nje. Dereva wa nyumba ya utamaduni alikuwa tayari na gari. Bwana Lassaad, msimamizi wa nyumba ile, alibaki akizunguka na kushika kichwa.

"Ya Latifu! Ya Latifu! Kesho hapo pangesimama watoto wa kwaya! Wale wadogo wa darasa la kwanza!" Alinyakua mchoro uliokuwa umebandikwa mlangoni. "Hapa imeandikwa mita tatu. Mita tatu!" Akachukua utepe wa kupimia, akaunyoosha kwa tahadhari kutoka ukutani. Aliusoma, akausoma tena. "Mbili na themanini. Mongi! Umefanya nini, Mongi?"

Ami Mongi alitazama utepe, akatazama mikono yake.

"Niliitandika karatasi ukutani," alisema polepole. "Nilitoboa penye alama. Ndivyo ninavyojua."

"Unajua? Mwanamke wa watu karibu azame birikani, nawe unaniambia unajua!"

"Labda iliteleza." Sauti yake ilishuka. "Labda ni macho. Macho yangu si ya zamani, Bwana Lassaad. Labda ni mimi."

Aliiweka nyundo yake chini, akarudi hatua moja, kama mtu anayejiondoa kwenye kazi ambayo hana tena haki nayo.

Tesnim aliitazama ile nyundo. Hapo ndipo alipoelewa: karatasi kubwa haikuijua namba yake. Iliufuata mstari.

Haykal alimvuta shati. "Nyamaza," alinong'ona. "Mstari hauna mdomo."

"Dada yako yuko kwenye kwaya," alisema Tesnim. "Molka. Anasimama safu ya nyuma."

Haykal aligeuka kulitazama shimo. Mkono wake ukaliachia shati.

"Si Ami Mongi," Tesnim alisema kwa sauti. Watu wote walimgeukia. "Bwana Lassaad, si yeye. Ni mimi."

"Wewe binti, huu si wakati wa—"

"Nitakuonyesha."

Kompyuta mpakato ya Shangazi ilikuwa bado mezani. Tesnim aliufungua mchoro, baada ya kukosea neno la siri mara moja. Bwana Lassaad na Ami Mongi waliinama nyuma yake. Aliibofya namba, 3.00, akafuta alichokuwa ameandika. Programu ikarudisha kipimo chake yenyewe: 2.80.

"Imebadilika?" Bwana Lassaad aliuliza.

"Haikubadilika. Hii ndiyo ya kweli tangu mwanzo. Ile nyingine niliiandika mimi juu yake, nisichore matao upya. Shangazi alisoma namba. Ami Mongi alifuata mstari. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi."

"Na mimi ndiye niliyemwambia aandike," alisema Haykal nyuma yao, kichwa chini.

Ami Mongi alijiketisha kwenye ngazi iliyobaki. Tesnim alitegemea matusi, hata kofi.

"Binti yangu," alisema yule seremala, "nilikuwa nimeshaamini ni mimi. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje mke wangu kwamba leo nimeacha kazi."

Tesnim alilia. Kofi lingekuwa jepesi kuliko maneno yale.

Shangazi Wided alirudi kutoka hospitali akiwa na plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alimsikiliza Tesnim mpaka mwisho bila kumkatiza. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda nyumbani kwa Ami Mongi, na Tesnim akamfuata, kuomba radhi mbele ya mke na watoto wake. La pili, alimkalisha Tesnim tena mbele ya kompyuta.

Mchezo uliahirishwa kwa wiki moja. Mafundi wa manispaa walikuja, wakalizungushia birika uzio na kuanza kulitengeneza. Tesnim alilifupisha jukwaa. Matao kumi yakawa manane, na hakuna mtazamaji ambaye angejua kwamba yaliwahi kuwa kumi. Safari hii Shangazi hakukagua karatasi peke yake. Alikaa kando yake, akakishika kipanya kwa mkono wa kushoto, akapima kila mstari upya.

"Kuna kosa langu pia," alisema. "Nilitazama namba, sikutazama mstari. Sitarudia."

Siku ya mchezo ua ulifurika. Sultani alisahau mistari yake mara mbili tu. Watoto wa kwaya walisimama safu tatu juu ya jukwaa, wakaimba na kurukaruka kuliko walivyofundishwa, na jukwaa halikulia hata mlio mmoja.

Watu walipokuwa wakitoka, Tesnim alikaa karibu na shangazi yake kwenye viti vitupu.

"Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Kwa sentimita ishirini? Hapana. Ungeniambia, 'Shangazi, haitoshei,' ningeguna, tungekunywa chai, tungelikata jukwaa. Kila mchoraji hukosea. Mimi nilikosea juzi. Lakini ulipoandika namba ya uongo juu ya mstari, ulinifumba macho mimi, ukamfumba Ami Mongi, ukawafumba na hawa wadogo. Mtu anayepanda jukwaa hakuwepo tulipokuwa tunachora. Hana namna ya kutuuliza. Anaamini, anapanda. Ndiyo maana kosa tunalisema mapema, hata likituaibisha."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile uliposema mbele ya watu." Shangazi aliurekebisha mkono wake wenye plasta. "Kukuamini ndiko kutakakochukua muda. Hilo haliombwi, mwanangu. Linafanyiwa kazi."

Tesnim aliitikia kwa kichwa. Jukwaani Ami Mongi alikuwa amekwisha kuanza kubomoa, akihangaika na tao la mwisho.

"Tesnim!" aliita. "Unakaa kama bibi harusi? Njoo ushike upande wa pili, mimi sina mikono minne!"

Tesnim alinyanyuka, akakimbia.