Taa Mbili za Bi Zeituni

Taa ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, lakini Swafia alipoigusa alasiri akiipangusa vumbi, shaba yake ilikuwa na joto kama kikombe kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Akaigusa ile ya ukuta wa pili. Nayo vivyo hivyo. Akajiambia ni jua, ingawa mawingu yalikuwa yametanda, maana mwaka ule wa tisini na sita mvua ya Kakamega haikukosa alasiri hata moja.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: kitanda, kiti, mlango, basi. Nyumba ile ya Amalemba ilikuwa na vyumba vya aina hiyo vitupu, na Swafia alivipamba mwenyewe ili avipangishe. Alikuwa na mkono wa kazi hiyo, tusimnyime haki yake. Alijua kwamba balbu ikining'inia katikati ya dari hukifinya chumba kidogo na kuanika kila ufa. Lakini taa mbili za ukutani zinazotazamana, zilizovikwa kofia za kitambaa, hupandisha mwanga polepole na kuushusha polepole, kuta zikarudi nyuma na mgeni akavuta pumzi. Zikiwa taa za kale za shaba, zenye shingo zilizopinda, hata chumba cha maskini hupata heshima. Kofia alizishona kwa kitambaa cha rangi ya chai ya maziwa, na kwa kweli zilipendeza.

Taa hizo ndizo zilizomvuta Jescah, mwalimu wa nasari huko Lurambi, akahamia bila kuuliza choo kiko wapi. Wiki haikuisha akamfuata Swafia uani alikokuwa akianika nguo.

"Dada Swafia," akasema kwa sauti ya chini, "hizi taa zinapumuanga."

"Taa gani hupumua?"

"Hizi zako. Mvua ikikaribia, giza ikiingia, moja inavuta pumzi. Ile ingine inanyamaza kama inasikiliza. Halafu kunanuka karafuu. Unawekanga karafuu kwa chumba?"

"Sijaweka," akasema Swafia, na beseni likamponyoka, nguo zikaenda matopeni. Alimjua mtu mmoja tu aliyejipaka mafuta ya karafuu magotini, na mtu huyo alikuwa kaburini Mumias, hata arobaini yake haijatimia.

Huyo alikuwa Bi Zeituni, shangazi yake, aliyemlea tangu utoto na ambaye yeye Swafia ndiye aliyemuuguza mwisho. Taa zilikuwa zake. Mumewe alizinunua Mautuma zamani, Wazungu wa mashamba walipouza vyombo wakaenda zao, na tangu hapo ziliwashwa kila jioni kabla ya Maghribi katika chumba chake, chumba kisicho na taa nyingine. Katika ukoo wao, mtu akifa, kitu cha chumbani mwake hakiguswi mpaka arobaini. Swafia hakungoja arobaini. Hakungoja hata kifo.

Alizifungua ukutani mgonjwa akiwa amesinzia. Chumba cha Amalemba kilizihitaji, na macho ya bikizee, alijiambia, hayaoni tena vya kuona. Mara Bi Zeituni akaamka gizani.

"Swafia, washa taa."

"Stima imepotea, shangazi."

Papo hapo adhana ya Maghribi ikatoka kwenye kipaza sauti cha msikiti uliokuwa ng'ambo ya ua, kali na safi.

"Mbona msikitini iko?"

"Wako na jenereta, shangazi."

 Bikizee akasema kwa upole, upole ambao Swafia hadi leo angeubadili kwa makofi, "Haya. Ikirudi uniambie." Swafia akaenda jikoni kuzifunga taa kwa leso, akisema moyoni ataleta koroboi akimaliza. Alipoileta, shangazi hakuihitaji tena.

Mubarak, mwana wa pekee wa marehemu, alifika akilia, akawaambia waombolezaji kwamba binamu yake hakumwacha mama gizani hata siku moja. Alipoulizia taa, Swafia akasema amezawadiwa na shangazi kwa mkono wake. Mubarak akazidi kumshukuru: nyumba ya Amalemba, aliyokuwa amempa aisimamie tu, angemwandikishia iwe yake. Kila shukrani ilimchoma, na kila shukrani aliipokea.

Kesho yake baada ya maneno ya Jescah, mvua ilipoanza kunguruma upande wa msituni, Swafia aliingia mwenyewe kile chumba na kufunga mlango. Akasimama kati ya zile taa mbili akiwa na ufunguo kiganjani, akasikia matone ya kwanza juu ya mabati, kisha harufu ya karafuu ikipanda kutoka sakafuni kama mtu anayeinuka kitandani kwa shida, kisha pumzi, ndefu, yenye kohozi lile lile alilolisikiliza miezi mingi akiwa amelala kwenye mkeka, mpaka kofia ya taa ya kulia ikatikisika bila upepo na sauti ikatoka ndani yake, ya upole, ya mtu asiyetaka kusumbua:

"Swafia, stima imerudi?"

Alitoka mbio, mguu mmoja bila kiatu. Jescah, aliyekuwa kibarazani, alisikia pia, na Mubarak alipopita mwisho wa juma Jescah akamwambia kila alichokijua. Mubarak akaenda Matungu kumleta Maalim Tariq, mtu wa kutoa majini kwa kisomo.

Maalim alikuwa mtu mkavu, mwenye mafua. Alikunywa chai kwanza, akafukiza ubani katika kile chumba, akapiga chafya, akasoma Ayatul Kursiyyu juu ya bakuli la maji.

"Maiti harudi," akasema. "Huyu ni karini, jini anayeandamana na mtu tangu azaliwe. Mwenzake akifa, yeye hubaki na alichokisikia. Nani alikuwa na marehemu mwisho?"

"Mimi," akasema Swafia.

"Basi akiuliza, umjibu kweli, mbele ya mwanawe. Akiipata ataondoka."

"Ajibu nini tena, Maalim?" akauliza Mubarak. "Huyu ndiye alimtunza."

Hapo ndipo Swafia angeweza kusema. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alimtazama Mubarak, akaona anavyomwamini, akafikiria nyumba, akafikiria kurudi Mumias akinyooshewa vidole, akaimeza kweli. Nje wingu likafunika mji, chumba kikawa cheusi, na taa ya kulia ikavuta pumzi.

"Swafia, stima imerudi?"

Mubarak aliposikia sauti ya mama yake alikaa kitandani kama aliyesukumwa.

"Imerudi, shangazi," Swafia akanong'ona. "Imerudi. Lala sasa."

Maalim akatikisa kichwa. Mvua yenyewe ikasikika kama inasubiri, harufu ya karafuu ikawajaa puani mpaka macho yakawatoka machozi, ndipo taa ile ikasema tena, polepole, "Mbona msikitini iko?" na kutoka ukuta wa pili, katika ile taa ambayo haijawahi kusema neno, ikajibu sauti ya Swafia mwenyewe, nyepesi, ya mtu mwenye haraka zake:

"Wako na jenereta, shangazi."

Mubarak akaitazama midomo ya binamu yake. Ilikuwa imefungwa.

"Msikiti wetu haujawahi kuwa na jenereta," akasema.

Ikabidi aelezwe yote, na Swafia akaeleza akiwa amepiga magoti.  Alipomaliza, Mubarak alizifungua taa mwenyewe na kuzifunga ndani ya koti lake.

"Nazirudisha kwa mama. Nyumba kaa nayo. Mimi sitaingia tena hapa."

Maalim alibaki nyuma kidogo, akanyunyiza maji kutani, akasikiliza. "Ametoka," akasema. "Kweli ameipata. Lakini ilibidi karini aiseme mwenyewe."

Jioni Swafia aliketi chumbani mwake, peke yake. Mvua ilikuwa imekatika. Giza likaja ghafla, akangoja stima irudi. Akasikia adhana ya Maghribi ikitoka kwenye kipaza sauti cha msikiti wa mjini.

"Jescah," akaita kupitia ukutani, "stima imepotea?"

"Hapana, dada. Iko."

"Mbona kwangu haiko?"

Jescah akaja, akasimama mlangoni.

"Dada," akasema, "umeketi chini ya balbu. Inawaka."

Swafia akasimama, akainua mkono, akapapasa hewani mpaka vidole vikagusa kioo, vikaungua. Hakuona kitu.