Visanduku Vitano vya Mlalo

"Niambie kweli, Sihaba. Nani mwingine aliyeliona fumbo langu?"

"Hakuna."

"Basi umenichoma wewe."

Sihaba alishika mlango wa kibanda cha viatu. Msabaha alimnyooshea kikaratasi. Kiliandikwa: *Fika ofisini saa nne. Uje kueleza fumbo lako. Afisa Ugawaji.*

Wakati ule wa njaa na unga wa yanga, ule wa njano wa mgao, mtu akiitwa na yule bwana, nduguze huanza kuulizana kama karudi.

Msabaha alikuwa fundi viatu aliyeishia darasa la nne, na mkewe Mwanaasha alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Kila mwezi alitunga fumbo la visanduku akalipeleka gazetini Dar. Sihaba, aliyeachika, mpiga chapa wa ofisi ile ile ya ugawaji, ndiye aliyelipiga chapa, na ndiye hakimu wake. Majibu hakuonyeshwa hata siku moja, yaliingia kwenye bahasha ikagundishwa. Alifumbua kwa akili yake. Lililomshinda kabisa lilitupwa, na lililofumbuka upesi mno lilitupwa vilevile.

"Fumbo la haki lina miguu miwili," alizoea kumwambia. "Mmoja maana yake, mwingine herufi ya jirani. Hili lako linachechemea, bwana. Rudia."

Naye alirudia, apate sababu ya kumwona tena.

"Kaboni," Sihaba alisema ghafla, uso umempauka.

"Kaboni gani?"

"Nililipiga kazini wakati wa chakula. Nakala ya chini nimeisahau kwenye mashine. Wallahi, Msabaha, sikukuchoma. Nimesahau."

Msabaha alitaka kumfokea, lakini saa nne ilikuwa inakaribia.

Saa nne walikuwa wote ofisini, Sihaba mbele ya mashine yake, Msabaha wima mbele ya meza. Kibwana, afisa mwenyewe, hakuitikia hata salamu.

"Soma mlalo wa tatu."

"'Halimi wala havui, lakini ghala hulifungua kabla ya wenyewe. Visanduku vitano.'"

"Nani huyo?"

"Panya, bwana afisa."

"Panya!" Kibwana aligonga karatasi kwa kalamu yake nyekundu. "Mimi mtoto? Hesabu hapa. A, F, I, S, A. Vingapi?"

"Vitano. Lakini na panya ni vitano, bwana."

"Majibu yako yako wapi?"

"Kwenye bahasha. Imekwenda Dar na barua za jana."

"Imekwenda! Wewe una kinyongo, fundi. Mkeo alipokufa ulipita mitaani ukisema gari la zahanati tulilichukua sisi kwenda kupokea wageni."

"Si mlilichukua?"

Neno lilimtoka lenyewe. Msabaha alijiona yuko ndani ya Landrova, anapelekwa asikokujua, na kibandani kwake viatu vya watu vinaota ukungu.

Kiti kikakwaruza sakafu. Sihaba alikuwa amesimama.

"Bwana afisa, naomba ruhusa. Hapo katikati kuna neno linashuka. Soma wima wa pili."

"Kaa chini!"

"Soma tu, bwana. Kama nimekosea tufungeni wote."

Kibwana alisoma kwa hasira. "'Ana taji na magamba, si mfalme wala samaki. Visanduku sita.'"

"Nanasi hilo!" Mzee Mwinjuma, tarishi, alidakia kutoka mlangoni, kisha akajiziba mdomo.

"Ahsante, mzee. Sasa, bwana afisa, liandike nanasi lishuke. Linaanza na N. Panya katikati ana N. Wewe umeweka I. Ianasi ni tunda la wapi?"

Mzee Mwinjuma alikohoa kikohozi cha uongo.

"Na nakala niliyoisahau," Sihaba aliendelea, "ilikuwa na visanduku vitupu. Hii afisa ya wino mwekundu kaandika nani?"

Kibwana aliitazama kalamu yake. Katika Bagamoyo nzima, aliyesikia habari za ghala akaanza kujiwazia mwenyewe alikuwa yeye. Aliichana karatasi vipande, vipande akavitia mfukoni.

"Tokeni. Na wewe bibie, Saadani wanataka mpiga chapa. Jumatatu uwe huko."

Ndivyo walivyo wakubwa. Wakishindwa kukufunga, watakutupa mbali.

Nje jua lilikuwa kali, lakini Msabaha alisikia baridi. Aligeuka mara mbili kutazama dirisha.

"Anatutazama?"

"Usigeuke. Tembea."

Walifika kona ya soko. Hapo Sihaba akaanza kulia.

"Nisamehe, Sihaba. Nimekuita mchomaji."

"Na mimi nimeiacha kaboni. Tumetoka sare. Lakini Saadani, Msabaha! Nani atakuhukumia mafumbo?"

"Nakuja."

"Kushona nini? Kule watu wanatembea peku."

"Nitawashonea wavae. Sihaba, nimezika mke mmoja kwa sababu ya watu hawa. Wa pili hawanichukulii."

"Wa pili yupi? Hilo nalo fumbo?"

"Si fumbo. Nataka kukuoa."

Sihaba alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akatazama nyuma, kisha akanong'ona:

"Kaka Bwanaheri yuko Mlingotini. Mpelekee barua ya posa leo, kabla ya Jumatatu. Na tafadhali, mume wangu, isiwe na visanduku."