Jibu la Swali la Tatu

Baba alimwamsha Chiriku kwa kumgusa bega mara mbili, kama alivyomwamsha asubuhi tatu zilizotangulia.

"Amka, mwanangu. Barabara haimsubiri mtu."

Chiriku aliketi kitandani akiwa bado amefumba macho. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Lakini wiki hiyo hata yeye alikuwa ameishiwa maneno. Shule zilikuwa zimefungwa, mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi, na msichana wa miaka kumi na miwili asingeachwa nyumbani peke yake kutwa nzima. Kwa hiyo kila siku alipanda gari la zahanati pamoja na baba yake, aliyekuwa dereva. Walimpitia muuguzi, wakapandisha milimani kupeleka chanjo, na kurudi alasiri wakiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu lakini lenye nguvu, lile la kusukumwa na magurudumu yote manne, linalopanda mahali ambapo hata punda angesita. Tatizo lake lilikuwa moja. Kwa muda wa mwezi mzima, kila lilipofika kwenye lami na kushika mwendo, lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Vioo viligongana, viti vilinguruma, na muuguzi alilipakata sanduku la chanjo njia nzima ili chupa zisivunjike.

"Nikifika nyumbani," muuguzi alizoea kusema, "meno yangu huendelea kugongana mpaka nimalize kula."

Matairi yalikuwa yamebadilishwa, lakini mtikisiko ukabaki. Yakafanyiwa balansi ili yazunguke sawasawa, nao ukabaki vilevile. Mganga mkuu wa zahanati akaanza kumtazama baba kwa jicho jingine.

"Pengine si gari lililochoka," alimwambia siku moja. "Pengine ni dereva. Mpaka mwisho wa wiki ijayo gari hili liwe limetulia. Lisipotulia, nitatafuta dereva mwingine, wewe ukapumzike."

Baba alijua pumziko la namna hiyo halina chakula ndani yake. Jioni hiyohiyo akalipeleka gari kwa dada yake mkubwa, shangazi yake Chiriku.

Shangazi alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa uani kwake, chini ya mabati, yenye shimo la kuingia mtu na kulikagua gari kwa chini. Mgongo ulimuuma kila alipoinama, na ulimuuma zaidi alipoinuka, lakini watu walisema gari ambalo yeye ameshindwa kulitengeneza huuzwa chuma chakavu.

"Dada, linatikisika," baba alisema.

"Linatikisika vipi?"

"Linatikisika tu. Lote."

Shangazi akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mdogo wangu, umeendesha gari miaka ishirini. Wewe hata ukikaa kwenye kigoda unahisi kigoda kina mota. Sasa nitapima mtikisiko wa gari au wako?"

Baba alicheka pia, ingawa ilikuwa kweli. Hata akiwa kitandani mwili wake ulijiona bado uko barabarani.

"Nataka mtu ambaye mwili wake haujazoea," shangazi akasema, akamgeukia Chiriku. "Wewe. Leta daftari. Mgonjwa huyu hana mdomo, kwa hiyo wewe ndiye utakayemsemea."

Akamwandikisha maswali matatu. La kwanza: mtikisiko unaanza gari likiwa katika mwendo gani? La pili: unausikia zaidi wapi, kwenye usukani, kwenye kiti au sakafuni? La tatu: baba akiitoa gia, gari likaenda lenyewe bila kusukumwa na mota, mtikisiko unakwisha au unaendelea?

"Hilo la tatu ndilo shina," shangazi alisema. "Ukikwisha, nitautafuta ugonjwa kwenye mota, klachi na giaboksi. Ukiendelea, uko kwenye vile vinavyozunguka pamoja na magurudumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Kesho yake walikwenda milimani kama kawaida. Watoto walilia, muuguzi akawachoma sindano, jua likawachoma wote. Waliporudi kwenye lami ilikuwa saa tisa alasiri, na kichwa cha Chiriku kilikuwa kizito kama gunia la mchanga. Hata hivyo alijikaza. Mshale ulipofika kilomita sabini kwa saa, gari likaanza kutetemeka. Akaandika. Akagusa usukani kwa kidole, akagusa kiti, akavua viatu na kuweka nyayo sakafuni. Sakafu ndiyo iliyotetemeka zaidi, palepale chini ya miguu yake. Akaandika pia.

"La tatu tutalipima kule mbele, palipo tambarare na hapana watu," baba alisema. "Dakika kumi tu."

Dakika hizo kumi zilimshinda. Upepo wa dirishani ulikuwa wa joto, na ngurumo ya gari ikambembeleza kama wimbo wa mlezi. Kwa mbali, kana kwamba yuko upande wa pili wa ukuta, alimsikia baba akisema, "Sasa naitoa gia. Sikiliza vizuri." Alipofumbua macho, mkono wa baba ulikuwa unairudisha gia mahali pake.

"Haya, umesikia?"

Angeweza kusema, "Baba, nililala, turudie." Lakini baba alikuwa na macho mekundu, muuguzi alikuwa akisinzia nyuma na sanduku mapajani, na kurudia kungewachelewesha wote. Isitoshe, aliona aibu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa macho tu, na hata hiyo imemshinda!

"Nimesikia," akajibu.

Akaandika: *Umekwisha.* Kwa nini alichagua neno hilo, hakujua. Labda kwa sababu lilikuwa zuri kuliko lile jingine.

Shangazi alilisoma daftari jioni, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mwandiko safi. Basi tumeshajua pa kuanzia."

Akawasha mota gari likiwa limesimama, akaikanyagia mafuta. Hapakuwa na mtikisiko. "Kumbe unakuja mota ikiwa na mzigo," akajisemea. Akakagua raba zinazoshikilia mota. Zilikuwa nzima. Hapo akashusha pumzi ndefu, akatazama chini ya gari kama mtu anayetazama mlima anaotakiwa kuupanda.

"Klachi hiyo. Giaboksi itashuka ili tuifikie."

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Zahanati iliazima gari dogo ambalo halikuweza kufika milimani, na watoto wa kule wakakosa chanjo. Shangazi alisimama shimoni, akalala chali kwenye mkeka wa magunia, akafungua bolti zilizoshikana kwa kutu, huku mafuta machafu yakimdondokea usoni. Baba na jirani mmoja mchomeleaji walisaidia kuishusha giaboksi, na baba akaponda kidole gumba. Chiriku alipewa kazi ya kuosha nati kwa mafuta ya taa. Aliziosha kimya. Kila bolti iliyofunguliwa ilimwingia moyoni kana kwamba yeye ndiye anayefunguliwa. Hakuonja chakula vizuri.

Jioni ya siku ya pili, klachi ilikuwa mezani, chini ya mwanga wa mlangoni. Shangazi aliigeuzageuza. Akapima kwa rula, akapapasa kwa kidole. Kisha akaketi juu ya tairi, mkono mmoja kiunoni.

"Haina kitu," alisema polepole. "Klachi nzima, giaboksi nzima. Mdogo wangu, nadhani nimezeeka. Zamani nisingefungua chuma kizito kama hiki bure."

"Si wewe, dada," baba akamjibu huku akilitazama gumba lake lililovimba. "Tatizo ni mimi. Siku ile nilipoitoa gia, nilihisi kama mtikisiko unaendelea. Lakini daftari linasema ulikwisha. Basi mwili wangu hauaminiki tena. Pengine mganga mkuu anasema kweli. Kesho nitamwambia atafute mtu mwingine."

Chiriku aliweka chini kopo la nati.

"Baba, usiende kumwambia," alisema. "Shangazi, lile jibu la tatu si kweli. Sikusikia kitu. Nililala. Nikaandika tu."

Jirani mchomeleaji, aliyekuwa akinawa mikono, akakumbuka ana kazi kwake, akaaga.

"Uliandika tu," shangazi akarudia.

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

Shangazi hakupiga kelele, na Chiriku alitamani angepiga. Aliitazama giaboksi iliyolala sakafuni, kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa ameinamisha uso kwenye viganja.

"Siku mbili," shangazi alisema. "Haya. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imeishia hapa. Kesho tunarudisha kila kitu mahali pake, halafu tunaanza upya."

Kurudisha kulichukua asubuhi nzima. Mchana wakatoka barabarani watatu, shangazi kiti cha nyuma na Chiriku mbele, nyayo sakafuni, macho yamemtoka. Palipo tambarare, bila gari jingine mbele wala nyuma, baba akaitoa gia. Mota ikatulia, ikabaki ikinong'ona. Sakafu ikaendelea kutetemeka.

"Unaendelea!" Chiriku akapaza sauti. "Unaendelea vilevile, baba!"

"Nami naona hivyohivyo," baba akajibu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mabega yake yalishuka kidogo.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa mpangilio. Matairi yalikuwa mapya na yamebalansiwa. Hayo yakawekwa kando. Zikabaki propela mbili, yale mabomba marefu ya chuma yaliyo chini ya gari, moja likipeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma na jingine ya mbele.

"Ulisema sakafuni, chini ya miguu yako?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo. Na hilo ni kweli."

"Basi tuanze na ya mbele. Hii huzunguka hata pale magurudumu ya mbele yasiposukuma."

Aliifungua, na wakatoka tena barabarani bila hiyo, gari likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mshale ulifika sabini. Ukafika themanini. Gari likateleza kimya, mpaka wakausikia upepo dirishani.

Gerejini shangazi aliibana propela kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania vitu. Kwenye ncha yake kulikuwa na kiungo chenye umbo la msalaba, kinachoiwezesha kuzunguka huku ikipinda. Upande mmoja kilicheza vizuri. Upande wa pili kilikwama, kikaachia ghafla, kikakwama tena. Shangazi alikigonga kwa nyundo hadi kikombe chake kikatoka, na badala ya vyuma vyembamba kama sindano vilivyotakiwa kuwemo, likamwagika vumbi jekundu.

"Huyu hapa," alisema. "Alikosa grisi, akaingiwa maji kwenye mito mnayovuka huko milimani, akajisaga mwenyewe."

Kiungo kipya kilipatikana duka la vipuri la mtaa wa pili. Shangazi alikiingiza taratibu, akakijaza grisi, akairudisha propela mahali ilipotoka, akiipanga kwa alama za chaki alizoweka wakati wa kuifungua ili isikae kombo. Wakatoka mara ya mwisho. Baba aliendesha kwa mikono miwili, akifika themanini, akipunguza, akiongeza. Hakuna kilichogongana.

"Mganga mkuu nitampeleka mwenyewe mpaka milimani," baba alisema. "Akae kiti cha mbele, aone."

Waliporudi uani, shangazi aliketi, akamwita Chiriku karibu.

"Hukukosea kwa kulala," alisema. "Ulikuwa umechoka, na kila mwenye mwili huchoka. Ungeniandikia 'sijui', ningekuwa nimepoteza dakika kumi tu za kurudia. Asiyejua akisema hajui, tunatafuta pamoja. Asiyejua akisema anajua, anatupoteza sote, tena tunamfuata kwa imani. Watoto wa mlimani wamekosa chanjo, baba yako nusura aiache kazi anayoiweza, nami nimeinua chuma ambacho mgongo wangu utakikumbuka mwezi mzima. Yote hayo kwa neno moja. Lakini ulisema kweli kabla baba yako hajakwenda kwa mganga mkuu, na kusema huko kulikuwa kugumu kuliko kulala. Hilo nalo nimeliona."

Machozi yalimlengalenga Chiriku. "Nisamehe, baba. Nilikufanya ujione hufai."

Kidole gumba cha baba kilikuwa kimekuwa cheusi.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila siku mbili za shangazi yako huwezi kuzirudisha. Mpeleke ndani ukamkande mgongo kwa maji ya moto, kisha urudi hapa. Vyombo vyake vyote vimejaa grisi, na leo hataviosha yeye."

Chiriku alikwenda. Alipomaliza kumkanda shangazi, alirudi akachuchumaa mbele ya karai la mafuta ya taa. Alianza na spana kubwa. Mikono ilimuuma na macho yalikuwa mazito, lakini alizisugua moja baada ya nyingine, akazikausha kwa tambara, akazipanga kwa ukubwa wake. Baba alipomuuliza kama amemaliza, alizitazama zilizobaki karaini.

"Bado, baba," akasema. "Bado spana sita."