Kivuli cha Mjerumani

Coletha alifungua mdomo kumwita mumewe aje kunywa chai. Midomo ikacheza, sauti isitoke. Pandu akacheka, akidhani anataniwa. Maskini, hakujua kwamba domo lake mwenyewe ndilo lililowaponza.

Kazi yake pale sokoni Warwick, ugenini kusini mwa Afrika, ilikuwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye muvi za kigeni, na Watanzania na Wakongo walimpendea hilo domo. Jana yake alikuwa amekaa sebuleni kwake na sinema bubu ya Mjerumani mmoja wa zamani, yule ambaye watengeneza muvi za kutisha wanamwiga hadi leo: kuta zimepinda, ngazi zimekwenda upande, na kivuli kirefu hutangulia kabla ya mwenyewe. Humo kivuli kilifika mlangoni kikabisha. Mwenyewe hakutokea, wala wa ndani hawakufungua. Pandu na kimya wapi na wapi! Akakitilia sauti: "Hodi!" Kisha akakijibu, kama sote tulivyolelewa: "Karibu, pita ndani!"

Basi kikapita.

"Pandu," akanong'ona Immaculée, jirani yao Mkongo aliyeingia kuazima chumvi, "bibi yako iko nasema lakini sauti hakuna. Na angalia ukuta. Eish, ile kivuli haiko yake!"

Kweli, hakikuwa chake. Jua la mchana lilijaa chumbani, Coletha ameketi kochini, mikono mapajani, lakini ukutani nyuma yake vidole virefu vilikuwa vikipanda taratibu, harufu ya kitu kilichoungua ikatanda, na kila vilipoikaribia shingo yake mwanamke wa watu alizidi kupauka, hata kanga yake nyekundu ikageuka kijivu, na Pandu akahisi roho inamtoka, maana alimpenda mke huyo kuliko kitu chochote duniani.

Wakamwita Sheikh Sultan kutoka Isipingo. Akakisomea kile kivuli dua mpaka jasho likamtiririka.

"Ananicheka," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alimkaribisha?"

"Mimi, sheikh. Nilikuwa natia maneno tu."

"Basi umtoe wewe, kwa maneno yako."

Pandu akaiwasha sinema, akaacha mlango wazi, akaanza kutia maneno: "Mgeni amesimama... Mgeni anatoka... Kwaheri, mgeni." Kivuli kikateremka ukutani, kikavuka kizingiti. Wekundu ukarudi kwenye kanga. Pandu akapiga magoti, analia, akimsihi mkewe aseme lolote, hata neno moja.

Coletha akakohoa. Akaona mlango uko wazi na mgeni anaondoka, naye ni binti aliyefunzwa adabu na mama yake.

"Karibu tena," akasema.

Kule koridoni kivuli kikasimama.