Alama ya X kwenye Faili la Mshonaji

Rafiki yangu mshonaji, mtu asiyejua kuongeza chumvi, aliandika kazi zake zote kwenye faili moja la maandishi matupu ndani ya laptopu. Kila kazi ilikuwa na mstari wake, na iliyokwisha aliiwekea x mbele.

Siku moja mama yake alikuwa hoi wodini. Rafiki yangu alizunguka maduka yote kutafuta dawa yake, akaambulia patupu.

"Jikaze, dada," muuguzi alimwambia kwenye simu. "Anakuulizia wewe tu."

Jioni akapitia nyumbani kuchukua shuka. Umeme ulikuwa umekatika, giza totoro. Kutoka chumba cha kushonea akasikia vitufe: tak, kimya, tak, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

"Nani?"

Akachungulia ndani. Laptopu aliyoiacha imefungwa ilikuwa wazi, inawaka. Mstari wa "Tafuta dawa ya mama" ulikuwa vilevile. Wa chini yake, "Mrudishe mama nyumbani", ulikuwa na x.

Akaifuta ile x huku akimwomba Mungu. Nyuma ya ukuta, kitanda cha mama kikalia, kama kinavyolia kila anapojigeuza.