Mashine ya Nne

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba. Si kikubwa. Kina dirisha moja na meza ndefu ya mbao, na juu ya meza kuna kompyuta nne ndogo, kila moja kama kitabu kinene kilicholazwa. Jua la saa nane mchana limeingia mpaka kwenye miguu ya meza. Mwanamke amepiga magoti, anaunganisha nyaya huku akivumisha wimbo puani. Hakuna cha kuogopesha. Kaa naye hapo kwanza.

Majirani humwita Fundi, nasi tumwite hivyo. Ni mjane wa miaka miwili. Mumewe, fundi mwenzake, ambaye mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho kwa sababu ya feni ya mtambo, alifariki kwa homa ya siku tatu nyumbani kwa mdogo wake. Siku hizo Fundi alikuwa mji wa mbali, akimfungia mteja mitambo. Alirudi akakuta viatu vya waombolezaji vimejaa mlangoni.

"Hakusema neno, shemeji," mdogo mtu alimwambia. "Alilala tu."

Tangu siku ile Fundi alikuwa na njaa moja: neno la mwisho la mumewe, japo moja. Hata kompyuta ndogo ambayo mumewe alikuwa nayo kitandani, Fundi aliambiwa, iliibwa katika pilikapilika za msiba.

Shemeji huyo ndiye aliyekuwa mwenzake kazini, na ndiye aliyetoa wazo la maabara. Kwa miaka walikuwa wakikodi mashine za watu, zilizoko wasikokujua, kwenye kile wanachokiita wingu. Sasa wangekuwa na wingu lao dogo la kujaribia, pale mezani. Mashine ya kwanza waliiita Mama. Kazi yake ilikuwa kuziamsha zile tatu kupitia waya, kufuta kila kilichomo ndani yake, kisha kuziwekea programu upya. Ikishaamka, kila mashine hujitaja jina kwenye skrini ya Mama.

Walikuwa na utaratibu wao. Mashine zote zilikuwa za mtumba, kwa hiyo aliyeileta ndiye aliyeikagua, kisha akabandika utepe mweupe ulioandikwa SAFI. Ukiona utepe, unafuta. Huulizi. Ndivyo walivyoaminiana.

Ya nne Shemeji aliileta asubuhi hiyo, imepakwa rangi nyeusi ambayo bado ilinuka.

"Umeipaka rangi ya nini?"

"Inakwenda mawinguni, shem. Ifike na makwaruzo, watatuelewaje huko?"

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akatazama utepe. SAFI. Akabonyeza kitufe cha kufuta.

Ilichukua dakika kumi na moja. Kisha mashine zikaanza kujitaja. "Pili." "Tatu." Ya nne ikakawia. Halafu ikaandika:

"mdogo-wangu".

"Shem, acha utani," Fundi alisema bila kugeuka.

"Utani gani?" Shemeji alikuwa dirishani, anakunywa maji. Akaja kuchungulia. Glasi ikaishia njiani, haikufika mdomoni. "Iwashe upya," alinong'ona.

Fundi akaipa jina lake, nne. Akaiwasha upya.

"mdogo-wangu-mpigie".

Akakagua diski. Tupu. Hakuna hata herufi moja ndani. Akachomoa waya wa mtandao. Jina likabaki. Akachomoa waya wa umeme. Taa ikazimika, feni ikanyamaza. Akatazama skrini ya Mama.

"mpigie-mke-wangu".

Hakuna aliyesogea. Nje mtu alikuwa anafagia. Herufi zikabadilika tena, polepole, kama anayeandika amechoka.

"leo-siku-ya-tatu".

Fundi akaokota bisibisi. Akakwangua rangi nyeusi pembeni mwa mashine. Chini yake palikuwa na bluu. Kwenye bluu palikuwa na mkwaruzo mrefu. Aliujua. Aliukwaruza yeye mwenyewe, siku walipoifungua pamoja mara ya kwanza.

"Ulisema iliibwa."

Shemeji akaketi sakafuni.

"Alijirekodi sauti humo," alisema. "Kila siku. Alikuwa anakuita, shem. Mimi nilidhani ni homa tu, itapita. Na ningekupigia ungeiacha ile kazi katikati. Kazi ile ndiyo iliyotufungulia milango, wewe unajua."

"Kwa hiyo ukaificha."

"Nilitaka kuivunja. Mara mbili nimeinua nyundo. Mkono unakufa, shem. Unakufa kabisa." Akaitazama mashine. "Nikaona labda wewe atakuruhusu."

Fundi akakitazama kidole chake.

"Umenifutisha," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Miaka miwili nakulilia neno moja. Unanifuta machozi, unaniita shem. Halafu unaniletea sauti yake niifute kwa kidole changu."

Shemeji alitoka bila viatu, akaviacha mlangoni. Hakurudi kuvichukua.

Fundi alikaa mbele ya skrini mpaka jua likapanda ukutani na kuondoka. Aliwaza kwamba mumewe, aliyemtumia mdogo wake salamu hizi, huenda bado ana moja ya mkewe. Jina likabadilika mara moja tu. Likaandika "nne", kwa utiifu, kama mashine yoyote. Aliiunganisha tena kesho yake, na keshokutwa. Ikajibu hivyo hivyo. Nne.

Wiki ya pili akafungua skrubu, aone kama kuna chochote kilichosalia. Ndani palikuwa pakavu. Rangi ilipakwa nje tu. Lakini upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na alama ya kiganja cha rangi nyeusi, bado mbichi, kilichosukuma kutoka ndani. Mkono wa kushoto. Vidole vinne.

Mpaka leo kifuniko kile kiko wazi juu ya meza. Rangi ile haijakauka.

Sasa fumbua macho. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, ukijaliwa: kabla hujafuta kitu, hata kama aliyekupa unampenda, kifungue kwanza.