Mkwe Hatazamwi

Bibi ana mtoto wa jicho. Muwahi.

Ujumbe uliingia kwenye Samsung wakati Benilde anafunga vifungo vya gauni jeupe la unesi. Akausoma. Akaufuta.

Bibi ni Atija. Na mtoto wa jicho, kwa lugha ya idara yao, ni kifo kilichokwisha kukaribia.

Benilde alikuwa nesi kweli. Alisomea macho Nampula kabla serikali haijamchukua kumfunza kazi nyingine, ile isiyoandikwa kwenye kitambulisho. Sasa yuko Palma, ndani ya hema la mzungu mmoja aliyejiita Dokta Verner. Mzungu anapima watu macho bure. Watu wamejaa nje tangu alfajiri, na wengi wao wanaumwa kweli.

Lakini Verner hakuja kutibu.

Alikuja kumtafuta Atija.

Atija alikuwa mkulima wa Nhica do Rovuma. Asubuhi moja alikwenda mtoni kuloweka muhogo, akakuta wanaume wanashusha masanduku ya bunduki. Mkubwa wao, ambaye wenzake walimwita Tajiri, hakuwa amefunika uso. Wakatazamana. Atija akakimbia, akafika salama, akasema alichokiona. Jumatatu hakimu atamsikiliza huko mjini Pemba, makao makuu ya mkoa. Akifika hai, Tajiri amekwisha.

Serikali ikamficha kijijini Olumbi, kwenye nyumba ya watu. Chakula anapelekewa na mtu mmoja tu, mkwe wake Mussagy, dereva wa lori.

Na huyo Mussagy, masikini, ameketi kwenye kiti cha Verner.

Hakuna aliyemshika. Kaja mwenyewe.

"Dada nesi, barabara naiona mbili," alisema. "Jana kidogo niifuate ile ya uongo."

"Weka kidevu hapa. Usitikisike."

Benilde angemtoa vipi? Zuberi alikuwa amesimama mlangoni, mtu wa Palma hapahapa, mkalimani wa mzungu. Chini ya shati lake kulikuwa na bastola ya Makarov.

Mashine ile haikuwa kubwa. Kioo kama cha televisheni, na chini yake kamera mbili ndogo, kila jicho na kamera yake. Unapotazama kitu, nukta mbili zinatokea kwenye kioo cha daktari: nyekundu ya jicho la kulia, kijani ya jicho la kushoto. Macho mazima, nukta zinakwenda pamoja. Za Mussagy zilianza pamoja, halafu ile ya kijani ikachoka, ikaenda zake pembeni.

Ugonjwa ulikuwa pale, wazi kabisa. Verner hakuujali.

Akaleta picha za wanawake, mmoja baada ya mwingine. Katikati yao akaichomeka picha ya Atija, ya harusini, kajifunga kanga mpya.

Akairudia. Akairudia tena.

"Hamjui," Verner alimwambia Zuberi kwa Kiingereza. Waliamini nesi anajua Kireno na Kimakonde, basi. "Anayemjua angeukazia macho uso wa yule mama. Huyu hakuugusa. Mtoe, aingie mwingine."

Benilde akashusha pumzi polepole.

Zuberi akacheka.

"Dokta, mashine yako umewaundia watu wanaotazama wakwe zao. Angalia vizuri. Kila yule mama akitokea, macho yanakimbilia kwenye kona, yanakaa huko mpaka aondoke. Kwetu mama mkwe hatazamwi. Ukimwona njiani unapinda. Angekuwa hamjui, angemtazama tu kama wanawake wale wengine. Huyu kamkimbia."

Akamgeukia Mussagy, akabadilisha lugha.

"Mkwe mwenye adabu sana weye."

Mussagy akatabasamu kwa haya. Hakujua anasifiwa kwa nini.

Verner alitoka na simu ya setilaiti mkononi. Alipofika mlangoni alimwambia Benilde kwa Kireno: "Mpange upya kwenye mashine. Sasa namwonyesha mahali."

Benilde alizijua picha zinazofuata. Asubuhi aliziona alipokuwa anafuta vumbi kwenye kioo. Zilikuwa tatu kwenye mstari mmoja. Kushoto njia panda ya Mbau, katikati msikiti wa Olumbi, kulia mto wa Nhica.

Angeweza kumuua mzungu na kumaliza. Lakini amri ya mkuu wake, Tarique, ilikuwa wazi: usimguse daktari, namtaka anayemngoja. Tajiri yuko porini kwenye Land Cruiser, anasubiri jina la mahali. Asipolipata, atachoma nyumba moja moja mpaka alipate.

Basi alipate.

Mashine haijui unatazama nini mpaka uifundishe. Inakuwekea kitone hapa, kitone pale, wewe unavitazama, yenyewe inajifunza macho yako. Ukiifundisha vibaya, itasema vibaya kwa uhakika uleule.

Benilde akafungua sanduku la vioo vya miwani. Akachagua viwili vyenye ukingo mnene upande mmoja, vile vya kusogeza kitu pembeni, akavitia kwenye fremu, akamvisha Mussagy.

"Hiyo miwani ya nini?" Zuberi alisogea.

"Jicho lake la kushoto linatoroka. Bila hii mashine haimshiki."

"Mbona mwanzo ilimshika?"

"Mwanzo hakuwa amechoka. Kaka Zuberi, ukitaka nimwite dotori aje apange mwenyewe, na umweleze weye kwa nini amecheleweshwa."

Zuberi aliitazama ile miwani. Mkono wake ulikuwa kiunoni.

Kisha akarudi mlangoni.

"Fuata vitone," Benilde alimnong'oneza Mussagy. "Kila kimoja mpaka kiondoke."

Mussagy alifuata. Mashine ikajifunza macho yaliyopotoshwa na vioo. Ikalia ti, imeridhika. Benilde akaivua ile fremu, akaitia mfukoni.

Sekunde hiyohiyo Verner akaingia.

Picha tatu zikawaka.

"Muulize," alisema.

Zuberi akainama karibu na sikio la Mussagy. Sauti yake ilikuwa laini, kama ya mtu anayeulizia hali nyumbani.

"Mama mkwe leo amekula?"

Rangi ilimtoka Mussagy usoni. Alifumba mdomo, akaubana. Lakini macho hayabanwi. Yaliruka mara moja, yakatua katikati, kwenye msikiti wa Olumbi.

Kwenye kioo cha daktari, nukta zilitua kushoto.

"Mbau," alisema Verner kwenye simu. "Yuko Mbau." Akakata.

Chini ya beseni la maji ya dawa, kidole cha Benilde kilibonyeza redio ya Motorola mara mbili. Sauti ndogo ikatoka kwenye kidude alichokificha sikioni.

"Sema."

Akakohoa, kama mtu aliyepaliwa. Kikohozi kimoja Olumbi, viwili Mbau, vitatu Nhica.

Alikohoa mara mbili.

"Tuna watu Mbau," alisema Tarique. "Usitoke hapo."

Nje mama mmoja alikuwa anambembeleza mtoto. Verner alikuwa anafuta lenzi za kamera kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Dereva hatumhitaji tena," alisema kwa Kiingereza. "Mpeleke mbali na barabara."

Zuberi akamshika Mussagy bega. "Twende, mkwe. Nikakuonyeshe dawa."

"Dawa gani? Kwani macho yangu yana nini?"

Benilde alikuwa ameshaishika taa ya kupimia macho, ile kali kuliko zote. Aliiwasha usoni mwa Zuberi, karibu kabisa. Zuberi akafumba macho, mkono ukaenda kiunoni. Ulichelewa. Benilde aliukunja mpaka ukalia, akaichomoa Makarov, akampiga kwa kitako chake nyuma ya sikio.

Zuberi alianguka.

Mdomo wa bastola ukamgeukia Verner.

"Kaa," Benilde alisema kwa Kiingereza safi. "Kidevu hapo. Paji la uso hapo. Usitikisike."

Verner akakaa.

Wakasubiri. Jasho lilimtiririka mzungu mpaka kwenye kile kipande cha kuwekea kidevu. Mussagy alikuwa amechuchumaa chini.

Mwishowe kidude cha sikioni kikakwaruza.

"Tajiri tunaye. Njia panda ya Mbau. Bibi wameshamchukua Olumbi, yuko njiani kwenda Pemba."

"Sawa, chefe," alimjibu mkuu wake.

Akamfunga Verner pingu za plastiki. Akamsaidia Mussagy kusimama.

"Una misuli mivivu ya macho, kaka. Inatibika. Nenda hospitali ya Pemba, na lori aendeshe mwingine."

"Na mama?"

"Mama mzima. Aliyemwinda ndiye atakayehukumiwa."

Wanajeshi walikuwa wanashuka nje. Benilde akavua gauni jeupe, akalitundika, akatoka kwenye jua. Foleni yote ikamgeukia. Mzee wa mbele, jicho moja limefungwa kwa kitambaa, akanyoosha fimbo.

"Mwanangu nesi, dotori anaita nani sasa?"

"Haiti mtu leo, baba," alisema Benilde huku anapita. "Kaitwa yeye."